Unyoya wa kifaranga na siku ulizopitia

Manyoya ya bawa yakisimama ovyo wiki ya tatu, wafugaji wengi hukimbilia vitamini za kuchanganya kwenye maji. Kabla ya kutoa hela, mkamate kifaranga, fungua bawa, tazama unyoya mmoja mmoja. Unyoya huota kutokea shinani, kwa hiyo ncha ndiyo sehemu ya zamani kuliko zote. Ncha ikiwa nzima lakini pana mstari dhaifu karibu na ngozi, tatizo ni la juzijuzi. Mstari ukiwa juu, na chini yake pameota vizuri, basi lilishapita.

Kisha angalia wenzake. Wengi wa rika moja wakiwa na manyoya mafupi yaliyochakaa, mimi huanzia kwenye chakula. Unyoya karibu wote ni keratini, na keratini hutaka asidi amino zenye salfa: methionini na sistini. Mahindi na pumba pekee havifikishi. Hata soya, pamoja na sifa zake zote, ina methionini kidogo. Ndiyo maana dagaa safi, wasio na mchanga, wana thamani kubwa katika mchanganyiko wa nyumbani. Zinki ikipungua, manyoya huchanika na mifupa ya miguu huwa mifupi, minene. Magaga pembeni mwa mdomo pamoja na kope zilizogandamana huelekeza kwenye upungufu wa asidi ya pantotheni. Vidonda ndani ya kinywa ni habari nyingine: shuku T-2, sumukuvu itokanayo na Fusarium kwenye nafaka.

Kwa kuku wa nyama, manyoya yaliyochomoza kando kama mapanga ya helikopta, huku baadhi wamedumaa na kinyesi kina chakula kisichosagika, yanaonyesha utumbo mgonjwa. Virusi vinahusishwa, reovirusi vikiwemo, na vitamini haziviui.

Wapo pia wasioumwa chochote. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kuwa manyoya yaliyopinda ya kuku kidimu yanatokana na kasoro kwenye jeni ya KRT75. Kifaranga akirithi nakala moja yenye kasoro, manyoya hujipinda tu. Akirithi mbili, hukatika hadi anabaki nusu uchi, na baridi humtesa. Jogoo kidimu akimpanda tetea kidimu, wote wa nakala moja, tarajia mmoja kati ya vifaranga wanne awe hivyo. Tetea huyo apewe jogoo wa manyoya ya kawaida. Hatatoka hata mmoja wa nusu uchi.