Uso wa Dhahabu

Mama mmoja wa Nyakunguru, mkoani Mara, huosha mchanga wa karasha, mashine ya kusagia mawe, kwa karai kuukuu, na ukimtazama utadhani mikono ndiyo inayoona. Karai linainama, maji yanazunguka, mchanga mwepesi unamwagika ukingoni. Hapo hupunguza mwendo, akagongagonga kwa kidole gumba, mpaka unajitenga mstari wa njano mwembamba kama uzi. Kabla ya kutia zebaki huugeuzageuza juani. Dhahabu iliyovaa kutu ya chuma, au iliyoguswa na grisi ya karasha, zebaki haiikamati. Hupita juu yake ikaiacha. Basi huisugua, huiosha kwa sabuni, hurudia tena. "Mwanangu, ikiwa chafu haishikiki," aliniambia bila kuinua macho.

Zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata wa 2013 uliwekwa kwa haki. Ninachokienzi mimi ni lile jicho.

Jicho hilohilo wanalo wanafizikia wanaochunguza vipande vya metali vyenye upana wa nanomita chache. Katika kipande cha dhahabu cha nanomita 2, karibu nusu ya atomi zote ziko usoni, na dhahabu tuliyoizoea kuwa baridi kwa kila kitu huchangamka. Masatake Haruta wa Japani alilionyesha hilo miaka ya 1980. Kuusoma uso huo hutumika positroniamu, atomi isiyo na kiini, elektroni na positroni, pacha wake mwenye chaji chanya, zikizungukana. Martin Deutsch aliigundua Marekani mwaka 1951. Ndani ya metali haiumbiki, elektroni zimesongamana mno. Huumbika pale positroni iliyorushwa ndani inapochomoza usoni, kisha hutoweka ikiacha miale ya gama. Hata ile inayodumu zaidi, katika ombwe huishi wastani wa nanosekunde 142 tu. Habari zake ni za uso, na azitakaye ahesabu vifo vingi bila kuchoka.

Kwetu uvumilivu huo unakwisha. Mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, siku hizi mchanga humiminwa haujakaguliwa, zebaki ikaongezwa kufidia uvivu wa macho, na marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa, yakauzwa kwa wenye matangi ya sayanidi. Dhahabu yenye kutu huondoka na marudio hayo. Zebaki iliyozidi hufuata maji kuelekea Mto Mara. Binti za mama yule hawakutaka kujifunza karai, nami siwalaumu, kwani kazi ile huvunja mgongo. Ila kijana anayemwaga sumu juu ya mchanga ambao hajautazama hata mara moja, huyo ananiudhi sana.