Je, Intaneti Ijengwe Upya Tangu Msingi?

Wapo wataalamu wanaodai kwamba intaneti imeharibika kiasi cha kutofaa kukarabatiwa. Dawa pekee ni kujenga nyingine tangu msingi. Dai hilo si la kupuuzwa, kwani hata Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kiliwahi kuwa na mradi wa utafiti wa aina hiyo. Twataka kulipima hapa, tukianzia kwenye andiko la David Clark, mmoja wa wasanifu wa intaneti, lililotoka Agosti 1988.

Clark aliyapanga malengo ya wasanifu kwa kufuata uzito wake. La msingi lilikuwa kuunganisha mitandao iliyokuwapo. Likafuata la kuendeleza mawasiliano hata sehemu ya mtandao ikiharibika. La mwisho lilikuwa kujua nani ametumia nini. Ulinzi dhidi ya mtumiaji mwenye nia mbaya haukuwamo katika orodha. Novemba ya mwaka uleule, programu iliyoachiliwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell ilijieneza yenyewe na kulemaza maelfu ya kompyuta. Hapa wadai wana haki: kasoro imo katika msingi.

Hata hivyo, hoja yao ina mapengo mawili. Kwanza, kubomoa si kazi nyepesi. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET ulihamia kanuni mpya za mawasiliano, nao ulikuwa na kompyuta mia chache tu. Mwaka 1995 ulitangazwa mfumo mpya wa anwani, IPv6, kwa kuwa ule wa zamani una nafasi za anwani bilioni 4.3 tu. Hadi leo mifumo yote miwili yatumika sambamba.

Pili, na hili ndilo zito, kasoro ya intaneti na fadhila yake zina mzizi mmoja. Mtandao hauulizi mpitaji ni nani wala amebeba nini. Ndiyo maana Tim Berners-Lee, akiwa CERN, Geneva, aliweza kubuni wavuti kuanzia mwaka 1989 bila kuwaomba wenye mtandao waujenge upya. Kwa mlango uleule hupita mwizi. Tukimweka bawabu amtambue kila mtu, atamzuia mwizi. Atamzuia pia karani anayefichua ubadhirifu wa mkubwa wake. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna budi kuuliza ufunguo atakabidhiwa nani, kwani Januari 2021 serikali ya Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi mkuu.

Kwa maoni yetu, basi, msingi uimarishwe kipande kwa kipande. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini methali hiyo haikusema kwamba ufa ukionekana, nyumba ibomolewe. Nasi tufundishao habari za moyo wa mwanadamu tukumbushe jambo moja ambalo wasanifu hulisahau: atakayehamia nyumba mpya ni mtu yuleyule aliyekaa katika ile ya zamani.