Fundi, Lala Kwanza

Anayetembea huijua nyumba kwa milango na kuta zake. Aliyelala chali huijua kwa dari. Balbu inayommulikia nesi mezani humpiga mgonjwa usoni usiku kucha, na ufa wa jipsamu ambao mwenye afya hauoni mwaka mzima, yeye anazijua kona zake zote. Dirisha nalo, likiwekwa kwa kipimo cha kawaida, usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama, humpa kipande cha anga na bati la jirani, basi. Ndiyo maana nawasifu wale wasanifu na mafundi wachache waliokubali kulala kwanza, ndipo wakachora.

Alvar Aalto alikuwa mmoja wao. Huko Paimio, Finland, yeye na mkewe Aino walijenga hospitali ya kifua kikuu iliyokamilika mwaka 1933, enzi ambazo dawa ya ugonjwa huo haikuwepo na tiba ilikuwa kitanda, hewa safi na subira. Dari ya chumba ilipakwa kijani kilichotulia kisichochoma macho. Taa ikawekwa nje ya upeo wa jicho la aliyelala, na joto likaelekezwa miguuni, mbali na kichwa. Kinachonigusa zaidi ni beseni la kunawia. Wagonjwa walilala wawili wawili chumbani, kwa hiyo beseni lilipewa mwinamo wa kuyapokea maji bila kelele, mmoja anawe na mwenzake aendelee kulala. Jengo hilo limepigwa picha nyingi sana kwa nje; mimi ningeanzia kwenye beseni.

Tiba shufaa, ile ya kumtuliza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena, ina dirisha katika chimbuko lake. Mwaka 1948 mjini London, David Tasma, mkimbizi kutoka Poland, alikuwa anakufa kwa saratani. Cicely Saunders, wakati huo mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, alikuwa akimtembelea, na wawili hao wakazungumza juu ya nyumba ambamo watu kama yeye wangehudumiwa ipasavyo. Tasma alimwachia pauni 500, akamwambia kwamba atakuwa dirisha katika nyumba hiyo. Nyumba hiyo, Hospisi ya St Christopher's, ilifunguliwa mwaka 1967. Miaka 19 ya kulijengea dirisha nyumba yake! Sijui jengo jingine ambalo dirisha lilitangulia msingi.

Sayansi ilikuja baadaye. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walitazama miti dirishani, nusu walitazama ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Ni utafiti mdogo, na wale walikuwa watu wa kupona. Hospisi haiwezi kujipima kwa siku za kuruhusiwa. Lakini kama mti unapunguza dawa kwa mwenye kidonda cha wiki moja, sioni sababu ya kumnyima mti huo aliyebakiwa na wiki chache.

Kazi ninayoipenda kuliko zote iko karibu nasi, Butaro, kaskazini mwa Rwanda. Si hospisi, ni hospitali ya wilaya iliyofunguliwa mwaka 2011, iliyochorwa na wasanifu wa MASS Design Group pamoja na shirika la afya la Partners In Health, na mwaka uliofuata ikaongezewa kituo cha saratani. Katika wodi zake vitanda havikusukumwa kwenye kuta za nje ili wagonjwa watazamane kwa maumivu yao. Vimeegemezwa ukuta mfupi wa katikati, kila mmoja ana dirisha lake na milima yake. Korido zimetolewa nje zikawa vibaraza, watu wasikoholeane katika ujia uliofungwa. Hewa moto hupanda ikatokea madirisha ya juu, na mapangaboi makubwa huisaidia. Kilichowekwa kuzuia TB kimeokoa umeme, na kimemwachia mgonjwa hewa ya mlimani.

Halafu mawe. Eneo lile limejaa mawe ya volkano, kero kwa wakulima, ambao huyarundika kando ya njia. Waashi wa hapohapo waliyachonga kwa nyundo na tindo hadi yakakaa jiwe kwa jiwe, udongo wa saruji usionekane. Walianzia kona moja wakalizunguka jengo, na walipomaliza mkono ulikuwa umenoleka kiasi kwamba waliomba ruhusa ya kuubomoa ukuta wa kwanza waujenge upya. Aliyewahi kumsihi fundi arudi kurekebisha lipu anajua uzito wa ombi hilo.

Si kila cha asili kinafaa, lakini. Makuti yana ubaridi mzuri, ila yana wadudu na yanaogopa moto. Bati tupu ni baya zaidi: mvua ya masika ikilipiga, mgonjwa hasikii hata anayemsalimu, na salamu ndiyo iliyomleta mgeni. Hapo dari nene ni sehemu ya tiba.

Tena, wagonjwa wengi wa tiba shufaa kwetu hawaingii hospisi kabisa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, iliwafuata majumbani, wauguzi wakipeleka mofini ya maji kitandani kwa mgonjwa. Kwa hiyo ustadi huu nao lazima ubishe hodi nyumbani: dirisha lishushwe hadi usawa wa godoro, mlango upanuliwe kitanda kipite, ngazi ya kibarazani igeuzwe mteremko ili mzee afike chini ya mwembe. Wakandarasi wakubwa hawazitaki kazi kama hizi. Fundi wa mtaani anaziweza, mradi apime akiwa amekaa kando ya godoro. Naye akitaja bei, alipwe bila kuambiwa kwamba anafanya sadaka.