Kumgeuza Mgonjwa

Aliyelala usingizi hageuzwi na mtu. Mwili wenyewe huhisi ubavu umechoka, ukajipindua, na kukicha mwenye mwili hana habari. Uti wa mgongo ukiumia vibaya, taarifa ya ubavu kuchoka haifiki kichwani na amri ya kugeuka haishuki. Muuguzi anaipokea kazi hiyo hapo. Sijui kazi nyingine ya wodini inayodai akili nyingi namna hiyo ikaambulia sifa chache namna hiyo.

Zamani aliyepooza kwa jeraha la uti hakutarajiwa kuishi. Wengi walikufa baada ya miezi michache, wakimalizwa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua kituo cha majeruhi hao huko Stoke Mandeville, Uingereza, na akashikilia kwamba wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Dunia humkumbuka zaidi kwa michezo aliyoianzisha mwaka 1948, iliyokuja kuzaa Paralimpiki. Sawa, lakini saa nane za usiku nani alikuwa akigeuza?

Kwetu wengi wanaofikishwa wodi za majeruhi wa uti na kichwa ni vijana: bodaboda, basi lililopinduka, mnazi au mwembe uliowatupa chini. Tazama anavyogeuzwa aliyeumia shingo. Mmoja anashika kichwa, na huyo ndiye mwenye amri hata kama ni mdogo kuliko wote. Wengine wanashika bega, kiuno, miguu. "Kaka, tunakugeuza sasa. Nikisema tatu." Mwili unazunguka wote kwa pamoja kama gogo, shingo na mgongo visipinde hata kidogo. Mto unawekwa katikati ya magoti. Visigino vinaachwa bila kugusa godoro. Halafu ngozi inakaguliwa: juu ya makalio, nyonga, visigino, kisogo. Vitabu vingi vinafundisha kutafuta wekundu, na ni wazi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha. Muuguzi mzoefu hupapasa, akitafuta joto lisilo la kawaida au nyama iliyokaza, na akilipata, ubavu huo haulaliwi tena mpaka upone.

Walioumia kichwa wana mitihani yao. Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotangazwa mwaka 1974, kina alama 3 hadi 15: macho, maneno, mwendo wa viungo. Kujumlisha ni rahisi. Kazi ni kujua kwamba bibi anayejibu kwa Kimakonde hajachanganyikiwa, ila Kiswahili hakijui, na kwamba aliyekuwa na 13 jioni akiwa na 11 usiku wa manane, daktari aamshwe.

Lakini ustadi ninaouvulia kofia ni huu. Mgonjwa aliyeumia uti juu ya pingili ya sita ya kifua anaanza kulalamika kichwa kinamgonga, uso unamtoka jasho, presha imepanda ghafla. Mgeni wa kazi atakimbilia dawa ya maumivu. Mzoefu anamkalisha, analegeza nguo, anafunua shuka na kufuata mpira wa mkojo kwa vidole mpaka anapokuta umekunjika chini ya paja. Anaunyoosha, mkojo unashuka, na presha nayo inaanza kushuka. Kibofu kilichojaa kingeweza kumletea kiharusi, na yeye mwenyewe asingehisi kwamba kimejaa.

Wewe uliye na ndugu katika wodi hizi, ukienda kumwona usiishie kumwachia uji na pole. Mwombe muuguzi akufundishe kugeuza, kukagua ngozi na kutunza mpira, na ufanye mbele yake kabla ya siku ya ruhusa. Nyumbani zamu ya usiku itakuwa yako.