Dizeli ndani ya Hilux ya petroli: kazi ngumu huanza injini ikishakaa

Mwenye Hilux kuukuu ya petroli hapa Uasin Gishu haishi kusikia ushauri uleule: ng'oa hiyo injini, funga dizeli. Ushauri huo una mashiko. Bomba la mafuta lilifika Eldoret mwaka 1994, na tangu hapo malori yanayojaza kwenye bohari kuelekea Uganda na kwingineko hayakomi kupita. Katika mji wa malori, fundi wa pampu za dizeli hatafutwi kwa tochi. Hata hivyo, pikapu nyingi zilizobadilishwa injini huishia kusumbua, na mara chache kosa huwa ni la injini yenyewe. Injini ya petroli ilikuwa inatoa huduma kadhaa kimyakimya, na ikiondoka huondoka nazo. Fundi asiyezihesabu mapema atazigundua mteja akirudi na malalamiko.

Tuchukue mfano unaojulikana: kutoa 22R ya petroli ya sentimita za ujazo 2,366 na kuweka 3L ya dizeli ya 2,779. Zote ni Toyota, na Hilux ilitoka kiwandani na familia zote mbili. Ukitazama msimbo wa modeli, RN ni ya injini za R na LN ni ya injini za L. Kwa hiyo vipuri vya kugeuza RN kuwa LN vipo, havihitaji kubuniwa. 22R ya kabureta haina kompyuta, na 3L nayo haina. Ndiyo maana 3L, au 5L iliyoifuata, ni chaguo la busara kuliko 2L-T yenye turbo, ambayo silinda hedi yake ina sifa mbaya ya kupasuka ikichemka, au 1KZ-TE, ambayo pampu yake inaongozwa na kompyuta na inataka nyaya zake zote zije nayo.

Anayetarajia nguvu za ajabu ajiandae. 3L hutoa farasi wapatao 90, na 22R hukaribia 100. Faida ya dizeli ni kwamba msukumo wake huja mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole, na hicho ndicho anachohitaji mtu aliyebeba mitungi ya maziwa kwenye tope.

Kanuni ya kwanza ni kununua seti nzima: injini pamoja na giaboksi yake, flaiwili, klachi, altaneta, rejeta, na relei ya plagi za kupasha moto. Giaboksi ya 22R haishikani na 3L bila kuunganishwa kwa vipande vya kuchonga, na vipande vya kuchonga ndivyo vinavyolegea barabarani. Giaboksi ikibadilika, propela inaweza kuwa fupi au ndefu mno, basi itakatwa na kusawazishwa kwenye mashine. Mabano ya kushikia injini hupigwa pointi za weldi kwanza, injini ikalazwa, sampo na feni zikaangaliwa kama zina nafasi, ndipo yachomewe moja kwa moja.

Baada ya hapo ndipo zinapoanza zile huduma za kimya.

Breki ndiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayoua. Busta ya breki kwenye gari la petroli hufyonzwa hewa na injini yenyewe: kipepeo cha kabureta kikifunga, ombwe hutokea kwenye manifoldi, na mpira mmoja unalipeleka hadi kwenye busta. Injini kama 3L haina kipepeo cha kuziba hewa, kwa hiyo haina ombwe la kugawa. Toyota ililimaliza tatizo hilo kwa kuweka pampu ndogo ya kufyonza nyuma ya altaneta. Pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini, ikiletwa kwa mrija mmoja na kurudishwa kwa mwingine. Ukiweka altaneta ya kawaida kwa sababu ni rahisi kupatikana, pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Ukiweka iliyo sahihi ukasahau mrija wa oili, breki zitakuwa nzuri kwa muda, kisha pampu ijisage. Kipimo chake hakihitaji chombo chochote: zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, ombwe lipo. Isipozama, gari halitoki gereji.

Ya pili ni umeme. Injini ya petroli huzimika ukikata moto wa koili, lakini dizeli haina koili wala cheche. Pampu ya 3L ina solenoidi inayofungua mafuta ikipata umeme na kuyafunga ukikatika. Fundi mwerevu huutumia ule waya wa swichi uliokuwa ukienda kwenye koili kulisha solenoidi hiyo. Lakini kwenye magari mengi waya huo hupitia kizuizi kinachopunguza volti, na solenoidi ikipata umeme pungufu haifunguki barabara: stata inazunguka, injini haiwaki, na mtu anaanza kulaumu pampu. Waya uchukuliwe kabla ya kizuizi. Kipimo cha mizunguko kwenye dashibodi nacho hufa, kwani kilikuwa kikihesabu mapigo ya koili.

Asubuhi za Julai, joto la Eldoret likikaribia nyuzi 10, plagi za kupasha moto lazima zifanye kazi. Hula umeme mwingi, kwa hiyo zipitie relei na waya mnene, si swichi ya ufunguo. Betri nayo iongezwe ukubwa: 3L hugandamiza hewa kwa uwiano wa takriban 22 kwa 1, zaidi ya mara mbili ya injini ya petroli, na stata hulipia tofauti hiyo kila asubuhi.

Ya tatu ni mafuta. Tangi lioshwe hadi lisinuke petroli, kwa sababu pampu hii hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na petroli huikausha. Huvuta mafuta yenyewe kutoka kwenye tangi, hivyo kiungo chochote kilicholegea huingiza hewa hata kama hakivujishi tone. Mrija wa kurudisha mafuta kwenye tangi uwe wazi, na chujio la kutenga maji liwekwe.

Kisha kuna mambo ya Eldoret hasa. Mji uko takriban mita 2,100 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Pampu iliyopimwa kwa hewa ya pwani itamwaga mafuta kuliko hewa iliyopo, na kwenye mlima wa Timboroa gari litaacha wingu jeusi. Fundi wa pampu aipime kwenye benchi na kupunguza kipimo cha juu cha mafuta. Difu nayo iangaliwe. 3L hufikia kilele cha nguvu kwenye mizunguko 4,000 tu kwa dakika, kwa hiyo difu fupi ya petroli huifanya ipige kelele barabara kuu. Msimbo wa eksili uko kwenye kibao cha gari ndani ya boneti. Linganisha na wa LN kabla ya kununua. Kitu cha mwisho ni mkanda wa taimingi. 22R ilitumia cheni, 3L inatumia mkanda, na ukikatika valvu hugonga pistoni. Injini ya mtumba haina historia, kwa hiyo mkanda mpya uwekwe injini ikiwa bado iko chini.

Je, inalipa? Oktoba 2023 bei za EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, jijini Nairobi zilikuwa shilingi 217.36 kwa lita ya petroli na 205.47 kwa dizeli. Tuseme gari lilikuwa likienda kilomita 8 kwa lita na sasa linaenda 11. Kwa kila kilomita 1,000 unaokoa kama shilingi 8,500, na katika hizo ni 1,000 hivi tu zinazotokana na tofauti ya bei. Kazi yote ikikugharimu 250,000, itakubidi utembee karibu kilomita 30,000 kabla ya kuanza kufaidi. Anayepeleka maziwa mjini kila siku atafika huko mapema. Anayeenda kanisani Jumapili ni afadhali aifanyie 22R yake ukarabati.

Karatasi zisisahaulike. Nambari ya injini na aina ya mafuta vimeandikwa kwenye logbuku, kwa hiyo badiliko lipitie NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, pamoja na stakabadhi za kununulia injini na ukaguzi wa gari. Bima nayo ijulishwe.

Na malipo ya mwisho ya fundi yabaki mfukoni hadi mambo matatu yathibitike: gari liwake asubuhi bila kusukumwa, pedali izame, na lipande kutoka Bonde la Kerio hadi Iten likiwa na mzigo, mshale wa joto ukiwa umetulia.