Mbwa Hajui Kujificha: Kuchagua Mahali pa Kulala kwa Bembea kutoka Naivasha hadi Baringo

Msafiri wa gari anayelala njiani peke yake hupewa ushauri mmoja kila mara: jifiche. Toka barabarani jua likizama, zima taa, lala kimya, uwe umeondoka kabla watu hawajaamka. Ukiwa na mbwa, ushauri huo haufai kitu. Mbwa hubweka bodaboda ikipita, hujibizana na mbwa wa kijiji saa nane za usiku, na harufu yake humfikia chui kabla mbwa mwenyewe hajasikia lolote. Nimelala kwa bembea katika Bonde la Ufa la kati nikiwa na mbwa na paka, na kila mahali nilipopata usingizi wa maana nilipapata kwa kufuata kanuni iliyo kinyume: lala pale ambapo wenyeji wanakujua wewe ni nani, umelala wapi na utaondoka lini.

Wengi huanza kwa kutafuta miti miwili mizuri, kisha ndipo wanajiuliza ardhi ni ya nani na maji yanapita wapi. Utaratibu ninaoueleza hapa unaanza na mambo ambayo hayarekebishiki usiku ukishaingia.

Ramani inayobaki

Kwanza ondoa mahali ambapo huruhusiwi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, halikubali mbwa na paka ndani ya hifadhi za taifa, kwa hiyo Ziwa Nakuru, Hell's Gate na Longonot zote zinatoka kwenye orodha. Katazo hilo lina sababu nzito. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao kwa kawaida ni wa mbwa, uliua takriban simba 1,000 wa Serengeti, karibu theluthi moja ya simba wote wa kule, na uchunguzi ukaelekeza chanzo kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Anayemficha mbwa chini ya kiti ili apite getini anahatarisha kitu kikubwa kuliko faini.

Misitu ya serikali, kama Menengai na Eburru, iko chini ya Huduma ya Misitu, KFS, na huingii bila kibali. Hifadhi za watu binafsi, mfano Soysambu kando ya Ziwa Elementaita, nazo ni makazi ya wanyamapori, hivyo lazima uulize kabla ya kufika. Yanayobaki ni maeneo ya aina tatu: kambi za watu binafsi kandokando ya barabara ya Moi South Lake huko Naivasha, mashamba ya Gilgil, Elementaita, Njoro na Rongai, na vituo vya mafuta kwenye barabara kuu ya A8, ambako madereva wa malori huegesha usiku chini ya ulinzi wa askari. Hayo yanatosha kwa safari nzima hadi Marigat, kule Baringo.

Maji kabla ya miti

Swali la kwanza ukifika mahali ni hili: mvua kubwa ikinyesha huko juu usiku, maji yatapita wapi? Kaunti ya Nakuru imelijibu swali hili kwa msiba mara mbili katika miaka ya karibuni. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka huko Solai na kuua zaidi ya watu 40. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliteremka kutoka upande wa Old Kijabe yakaifagia Kamuchiri, karibu na Mai Mahiu, na makumi ya watu wakafa. Maofisa wa serikali walieleza kwamba takataka na miti iliziba njia ya maji chini ya tuta la reli, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakabomoa. Walioathirika walikuwa wamelala. Wengine hawakuwa hata kando ya mto mkubwa.

Funzo kwa mwenye bembea liko wazi. Korongo kavu lenye miti mirefu pande zote mbili huonekana pahali pazuri kuliko pote: kuna kivuli, upepo hakuna, na huonekani kutoka barabarani. Lakini miti ile imekuwa mirefu kwa sababu maji hupita hapo. Tazama mashina: ukiona nyasi kavu, karatasi na vijiti vimenasa kwenye matawi juu ya kiwango cha goti, mafuriko yamewahi kufika hapo. Tazama pia ramani ya simu uone kama kuna bwawa la shamba, kalavati au tuta la reli upande wa juu. Likiwapo, hama, hata kama anga ni safi, maana mvua hunyesha Mau au Kijabe nawe huku huoni hata wingu.

Kando ya maziwa kuna jambo jingine. Tangu karibu mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, hata lango kuu la zamani la Hifadhi ya Ziwa Nakuru likamezwa na maji. Migunga mingi ya ufukweni ilikufa ikiwa imesimama. Mti wa namna hiyo hauonyeshi udhaifu wake mpaka uubebeshe uzito.

Kiboko, chui na mbwa wa mwenyeji

Naivasha, hatari ya usiku ni kiboko. Hutoka majini jua likizama na kutembea mbali akila nyasi, kwa hiyo hakuna idadi ya mita kutoka majini inayokuhakikishia usalama. Kinachokukinga ni uzio. Kambi nyingi nzuri zina uzio wa umeme upande wa ziwa, na ni haki yako kuuliza kama unawashwa kila usiku. Pasipo na uzio, soma ardhi. Njia ya kiboko haifanani na ya ng'ombe: ni mifereji miwili inayokwenda sambamba na kituta cha nyasi katikati, kwa kuwa miguu yake ya kushoto na ya kulia hukanyaga mbali mbali. Nyasi za hapo huwa zimekatwa hadi chini, na kinyesi kimetapakaa kwenye vichaka kwa sababu hukirusha kwa mkia. Ukiona dalili hizo, hapo ni malishoni pake.

Gilgil, Elementaita na kando ya misitu, wasiwasi ni chui na fisi. Chui humpenda mbwa kama mawindo, na mbwa aliyefungwa chini ya bembea ni chambo. Hapa sikubali mjadala: mbwa wangu hulala ndani ya gari, na paka ndani ya kizimba chake cha kusafiria kwenye kiti cha nyuma. Vioo huachwa wazi upana wa vidole vitatu, pande zote mbili, na nafasi hiyo huzibwa kwa wavu wa waya. Gari huegeshwa hatua chache kutoka kwenye bembea, mlango wa dereva ukinielekea, ili nikilazimika kuingia nisilizunguke. Chakula chote, hata makombo ya paka, huingia garini kabla ya giza. Nyani wakijua kuna chakula watarudi asubuhi, na jino la nyani dume humpasua mbwa.

Adui anayesahaulika ni mbwa wa mwenyeji. Kibao cha "Mbwa Kali" huwa ni taarifa ya kweli, na mashamba mengi huwafungulia mbwa wa ulinzi usiku. Uliza saa ya kuwafungulia.

Kuna pia wadudu. Gilgil kuna vidonda vya ngozi vya lishmania, vinavyoenezwa na usubi wanaojificha kwenye mapango na nyufa za miamba wanakoishi pimbi. Ukishuka hadi Marigat kuna kala-azar, na usubi wake hukaa kwenye vichuguu. Kwa hiyo bembea hufungwa mbali na pango na mbali na kichuguu, ikiwa na chandarua kinachofungwa hadi chini. Mbwa na paka husafiri na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na kila jioni wanakaguliwa kupe masikioni na kati ya vidole.

Sasa miti

Hapo ndipo miti inapofikiwa. Nataka mashina mawili yaliyo hai, kila moja nene kama paja la mtu mzima au zaidi, yakiwa umbali wa hatua sita hivi. Mgunga hai, msaiprasi na grevilea hufaa. Mkaratusi naukwepa kwa kuwa huangusha matawi makubwa bila upepo. Euphorbia naikwepa kabisa, maana utomvu wake huunguza macho ya mtu na ya mbwa pia. Mkanda uwe mpana, sentimita tano, ili usikate ganda: mwenye shamba atakagua mti wake ukishaondoka.

Kosa la kiufundi linaloangusha watu ni kukaza bembea mno. Mikanda ikiteremka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, mtu wa kilo 75 huuvuta kila mti kwa nguvu ya takriban kilo 75. Ukiikaza hadi nyuzi 10, nguvu hiyo hupita kilo 200 kila upande. Bembea iliyolegea huokoa mkanda, mti na mgongo wako.

Baridi nayo ina hesabu yake. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Ukipanda kuelekea Molo ni baridi zaidi, huku Marigat, iliyo karibu mita 1,000, ukitokwa na jasho. Kwenye bembea baridi huingia kutoka chini, kwa sababu uzito wa mwili hubana mfuko wa kulalia na kuuondolea hewa. Godoro jembamba la sponji chini ya mgongo hufanya kazi kuliko blanketi mbili za juu.

Mwenyeji

Haya yote humalizwa kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa kuwa hapa karibu na ikweta jua huzama kabla ya saa moja mwaka mzima na giza halisubiri. Kubisha hodi hufanywa mchana, mbwa akiwa kwenye kamba na akionekana. Upande wa Elementaita nilimkuta mama mmoja akifunga ndama.

"Hodi hapa, mama. Natafuta mahali pa kulala usiku mmoja. Nina gari, mbwa na paka."

Alimtazama mbwa kwanza. "Huyo anakula kuku?"

"Hatatoka kwenye kamba, mama."

"Basi sawa. Wetu hufunguliwa saa tatu. Nitamwambia kijana awafungie upande wa zizi. Na usilale pale chini kwenye miti, lala hapa karibu na tangi."

Kwa maneno hayo machache nilipata kila kitu ambacho ramani haina: saa ya mbwa, mahali pa hatari, na watu ambao wangetoka na tochi wakisikia kelele. Jirani naye aliarifiwa, na mzee wa nyumba kumi akapigiwa simu. Mbwa wangu alipobweka usiku, kila mtu alijua ni mbwa wa nani.

Ndiyo maana naamini kwamba kitu cha thamani kuliko vyote kwa msafiri wa aina hii ni orodha ya wenyeji, inayokua safari hadi safari. Orodha hiyo hulindwa kwa mambo madogo: kulipa bila kuombwa, kuzoa kinyesi cha mbwa, kufungua mikanda bila kuacha alama kwenye ganda, na kuaga kabla ya kuwasha gari. Mwenyeji aliyeridhika atampokea na msafiri mwingine mwenye mbwa. Aliyepoteza kuku wake atafunga geti kwa kila mmoja wetu, na mwenye mbwa akishafungiwa geti hapa, kinachombakia ni korongo.