Ufundi wa Kuchagua cha Kukosa

Mwulize mwenyeji wa Musoma mwezi upi unafaa kutembea mkoani Mara, naye atakuuliza unataka kwenda wapi na kufanya nini. Hakwepi swali lako. Kati ya Ziwa Victoria, vilima vya Butiama na mbuga za Bunda hakuna mwezi unaotoa kila kitu. Kila mmoja una ukarimu wake na choyo chake. Wengi hudhani kupanga safari ni kutafuta nauli na kuomba likizo. Mimi naihesabu kuwa fani, na kiini chake ni kuamua mapema utakubali kukosa nini.

Fani hii huanza na mvua. Mara hupata misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa kila msimu, lakini msimu haukuambii saa, na hapa saa ina uzito. Usiku, upepo wa nchi kavu huelekea ziwani, hewa hukutana juu ya maji na kuzua radi. Mchana mambo hugeuka: upepo wa ziwa huingia bara na mawingu hujikusanya alasiri. Ndiyo maana anayetaka kupanda mawe ya Butiama wakati wa mvua huamka alfajiri, na anayetaka mtumbwi hangoji mtabiri. Humngoja mvuvi atazame mbingu kwanza.

Baada ya mvua huja udongo. Lango la Ndabaka, lililo kando ya barabara ya Mwanza na Musoma, humwingiza msafiri wa Bunda kwenye ukanda wa magharibi wa Serengeti, ambako udongo mweusi hauna utani. Agosti umekauka, umepasuka nyufa za kupitisha kiganja. Aprili unavimba, nyufa zinajifunga, tope linashika tairi tabaka juu ya tabaka hadi tairi jipya linakuwa kipara. Dereva anakanyaga mafuta, gurudumu linazunguka palepale, na gari linazidi kuketi.

Kwa bahati, wanyama nao wana ratiba. Nyumbu zaidi ya milioni moja huanza mwaka katika nyanda za kusini, ambako wengi huzaa Februari. Nyasi za huko zikipungua, makundi makubwa husogea magharibi na kufika Mto Grumeti kati ya mwishoni mwa Mei na Julai, kisha hupanda kaskazini. Hata hivyo nyumbu hafuati kalenda, hufuata nyasi. Masika yakirefuka, naye hukawia. Mpangaji hodari hatii mduara kwenye tarehe moja. Huacha siku za akiba, na hawaahidi watoto nyumbu. Huwaahidi Serengeti.

Asiye na fedha za kiingilio pia ana nafasi yake. Mto Mara, uleule ambao nyumbu huuvuka kaskazini kwa vishindo, humalizia safari yake ziwani karibu na Musoma, baada ya kupita kwenye mafunjo chini ya daraja la Kirumi. Abiria wa basi la Sirari huuona kwa nauli ya kawaida. Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, majira ambayo nyumbu bado wako kwenye mto huo.

Ziwani kalenda inayotawala ni ya mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa hushindwa mbalamwezi inapoangaza, kwa hiyo usiku wa mwezi mpevu wengi hupumzika. Ukitaka kuona mwanga wa mitumbwi ukiwa umetapakaa majini, njoo wakati wa giza. Asubuhi nenda mwaloni Mwigobero uone dagaa wakianikwa. Ila ukija kwenye mvua, utakuta waanikaji wana haraka na hawana muda wa kupiga soga: dagaa aliyenyeshewa hupoteza bei.

Na Butiama? Waliozoea kusubiri kiangazi hunishangaza. Mwalimu Nyerere alizaliwa hapo Aprili 1922, mvua ikinyesha, akaitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Makumbusho na kaburi lake vinatembeleka mwaka mzima, na tarehe 14 Oktoba huvuta wageni wengi. Lakini anayetaka kuona ardhi iliyompa mtoto jina aje wakati wa masika, mashamba yakiwa mabichi katikati ya majabali, akubali viatu kuchafuka na vumbi la nyumbu limpite.

Kumbukumbu nayo si ya kutegemewa peke yake. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kuipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, na fukwe zilizozoeleka zikamezwa. Hapo ndipo fani inahitaji ulimi. Ukimpigia bodaboda na kumuuliza, "Kaka, njia inapitika?" atakujibu, "Inapitika tu." Ni adabu, hataki kukukatisha tamaa. Muulize, "Leo limepita gari gani?" Akitaja Noah, njoo. Akitaja trekta, ahirisha.

Ramani inanunuliwa na utabiri unasomwa bure. Kisichouzwa ni moyo wa kusema: safari hii naifuata Grumeti, Butiama ya kijani nimeiacha. Aliyesema hivyo kabla ya kufunga begi hamlaumu dereva wala mvua, na mwenyeji wake humkaribisha tena kwa furaha. Aliyetaka vyote kwa wiki moja hurudi na orodha ya malalamiko, ilhali mkoa ulimpa kila ambacho mwezi ule ulikuwa nacho.